Daftari la Wacheza Dama

Saa moja usiku, mama mmoja wa hapa Sandoa, kusini mwa Kongo, alipigiwa simu na mtu asiyemjua. Mtu huyo alimwita kwa jina analoitwa nyumbani, akamtajia mwanawe kwa jina kamili, akasema kijana ameanguka na pikipiki kwenye njia ya Kasaji na daktari anangoja pesa kabla ya kumgusa. Mama hakuuliza mara mbili. Alitoka mbio, akamkuta wakala wa pesa za simu akifunga kibanda, akamsihi, akatuma faranga 85,000. Hata jasho halijakauka, mwanawe akaingia uani akitoka kucheza dama, akauliza kama bukari, ugali wetu, imebaki.

Yule tapeli hakupiga ramli. Kila alichokijua kilikuwa kwenye ukurasa mmoja wa daftari la kikundi chetu, na aliyeupiga picha ukurasa ule na kuutuma kwenye kundi la WhatsApp ni mimi. Nilikuwa katibu, sekretere kama tunavyosema huku, na nilitaka kila mtu ahakikishe kwamba jina lake limeandikwa sawasawa. Safu ya mwisho ya ukurasa huo nilikuwa nimeichora kwa rula yangu mwenyewe, nikaipa kichwa kwa mwandiko mzuri: "Mtu wa kuitwa wakati wa shida." Picha ilipita kutoka simu hadi simu mpaka ikafika kwa mtu ambaye shida kwake ni biashara.

Nawaandikia masekretere wenzangu: wa kwaya, wa mashabiki wa mpira, wa wapiga picha, wa wafuga njiwa, na wa wacheza dama kama sisi, ambao vifuniko vya bia ya Simba vinapigana na vifuniko vya bia ya Tembo chini ya mwembe kila Jumapili. Hatulipwi. Ofisi hatuna. Kwa hiyo tunadhani mambo ya kulinda taarifa za watu ni ya benki, ya makampuni ya simu na ya migodi ya Kolwezi. Lakini benki ina mlinzi na kabati la chuma. Daftari letu lilikaa juu ya friji isiyo na umeme nyumbani kwa mtunza fedha, na kila mgeni aliyesubiri chai alilifungua kupoteza muda.

Ushauri wangu wa kwanza unahusu rula, kabla hata ya kufuli. Ukurasa wetu ulikuwa na safu tisa. Nilipojiuliza kwa nini tisa, jibu lilikuwa la aibu: niliziiga kutoka kwenye fishi, yaani fomu, ya serikali. Jina, jina la pili, jina la ubatizo, mahali na tarehe ya kuzaliwa, hali ya ndoa, makazi, asili, namba ya kadi ya mpiga kura, mtu wa kuitwa. Tumezoea fishi tangu enzi za wakoloni, na tumezizoea hivi kwamba kikundi kisichouliza maswali tisa kinaonekana si kikundi cha kweli. Lakini mchezo wa dama unahitaji nini? Unahitaji kumwita mtu siku ya mashindano na kujua kama ametoa mchango wake. Basi ni jina tunalomwitia, namba ya simu moja, na alama ya mchango. Wengi kwetu hawajulikani hata kwa majina ya kwenye kadi. Kuna mzee tunayemwita Tanganyika, na sidhani kama watu watatu katika kikundi wanajua jina alilopewa na baba yake. Anakuja, anatushinda, anakwenda zake.

Fanya hivi jioni ya leo: fungua daftari lako, weka kidole juu ya kila safu, uulize mara ya mwisho safu hii ilitumika lini na kwa kazi gani. Safu isiyo na jibu ichorwe mstari mnene mweusi kutoka juu hadi chini, majina yaliyomo yasisomeke tena. Usiseme "huenda ikafaa siku moja." Siku hiyo mwenye namba utampigia simu, utamuuliza.

Kadi ya mpiga kura inahitaji neno lake peke yake. Kwetu, kwa kuwa kitambulisho cha taifa kimekosekana mikononi mwa watu kwa miaka mingi, kadi hiyo ya CENI, tume ya uchaguzi, ndiyo inayofungua kila mlango: namba ya simu, pesa, safari, kazi. Nyingi za uandikishaji uliotangulia uchaguzi wa Desemba 2023 zilififia wino mapema, watu wakakimbilia kutoa fotokopi wakati maandishi bado yanasomeka. Sasa fotokopi safi ya kadi yako, pamoja na namba yako ya simu, ni nusu ya ufunguo wa pesa zako. Kikundi cha kujifurahisha hakina sababu ya kuwa na rundo la fotokopi hizo. Kama shindano la Kolwezi au Lubumbashi linataka kuhakikisha umri au uraia, mchezaji aonyeshe kadi yake mwenyewe, itazamwe, airudishe mfukoni. Kutazama kadi kunatosha; fotokopi ya nini?

Umri nao ni hivyohivyo. Tarehe kamili ya kuzaliwa ya nini, kama swali ni moja tu: huyu ametimiza miaka 18 au bado? Weka alama pembeni ya jina. Kwa aliye bado, mzazi au mlezi ndiye wa kuulizwa kila jambo, hata picha.

Na ile safu ya shida, je? Siwezi kusema ifutwe kabisa. Kikundi cha mpira kikipanda lori kwenda Dilolo kinahitaji kujua nani aambiwe likitokea la kutokea. Tulipata njia kwa mwenzetu mmoja aliyewahi kuongoza kwaya, na tangu hapo hatujaiacha: siku ya safari kila mtu anaandika jina na namba ya ndugu yake kwenye karatasi, anaitia kwenye bahasha, anaifunga, anaandika jina lake juu. Kiongozi anabeba bahasha. Tukirudi salama, kila mtu anachukua bahasha yake ikiwa imefungwa vilevile. Haigharimu kitu, na hakuna sekretere anayebaki na orodha ya mama za watu.

Sasa nije kwenye safu ninayoiogopa kuliko zote, ile ya "asili": jimbo, teritwari, kijiji, na kwa vikundi vingine kabila lenyewe. Vijana huniambia, "Papa, si ni kuandika tu, kila mtu anajua mwenzake ametoka wapi." Ni kweli tunajuana, na majina yetu yenyewe husema, mwenye jina la Kilunda, la Kichokwe au la Kiluba hajifichi nyuma ya safu iliyofutwa. Lakini anachokijua jirani kinakaa kichwani mwake, na jirani anaweza kunyamaza. Daftari halijui kunyamaza. Linamjibu yeyote anayelishika.

Katika eneo hili la Katanga hatusemi mambo haya kwa kukisia. Machi 1977 wapiganaji wa FNLC, waasi wa Katanga waliokuwa uhamishoni, walivuka kutoka Angola, na miji yetu ya magharibi, Sandoa ikiwa mmojawapo, ikapita mikononi mwao. Jeshi la Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati huo, liliporudi, watu wengi walishukiwa kwa sababu ya kuwa Walunda tu, na makumi ya maelfu wakakimbilia Angola. Miaka kumi na mitano baadaye zamu ilikuwa ya wengine: Likasi mwaka 1992, kisha Kolwezi mwaka 1993, watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wakiwa wamezaliwa hukuhuku Katanga, walitolewa majumbani mwao na kulala stesheni na watoto wakingoja treni. Sisemi madaftari ya vikundi ndiyo yaliyowafukuza. Fitina haikuhitaji daftari. Nasema kwamba swali "asili yako ni wapi?" lilikuwa na bei, na bei hiyo hupanda na kushuka bila kumtaarifu sekretere. Huko Rwanda neno la kabila liliandikwa kwenye vitambulisho tangu miaka ya 1930 kama jambo la kawaida la ofisi. Mwaka 1994 neno hilo hilo likasomwa kwenye vizuizi vya barabarani. Sisi tunacheza dama. Kifuniko hakina kijiji.

Orodha ikishakuwapo, watu wataiomba. Hawaji usiku kama wezi. Wanakuja mchana, na zawadi. Mgombea analeta jezi kumi na moja na mipira miwili, anapiga picha na vijana, halafu msaidizi wake anabaki nyuma: "Yaya sekretere, tupe basi ile liste ya wanamemba, mheshimiwa apate kuwakumbuka." Au kijana mwenye shati safi anasema mgodi fulani unatafuta vibarua, atapeleka majina yenu Kolwezi, na kila jina lina gharama kidogo ya faili. Au shirika linaloendesha semina linapitisha karatasi ya mahudhurio, yenye jina, simu na saini, mkono hadi mkono, na wa mwisho kusaini amekwisha kusoma namba za wote waliomtangulia. Binti mmoja wa kikundi chetu alisumbuliwa kwa simu za usiku mwezi mzima kwa sababu ya karatasi ya namna hiyo.

Kenya waliona mwisho wa njia hii mwezi Juni 2021. Watu walipoangalia kwenye mtandao wa serikali, wengi walijikuta ni wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawajawahi kukanyaga mkutano wake hata mmoja. Huenda majina na namba za vitambulisho zilitoka kwenye orodha fulani iliyoandikwa kwa kazi nyingine kabisa.

Kumkatalia mtu aliyeleta mipira ni kazi ngumu, najua. Kwa hiyo usikatae; geuza njia. Mwambie: "Mheshimiwa, ujumbe wako nipe mimi, Jumapili nitausoma mbele yao wote. Namba yako nitawaandikia kwenye ubao. Anayekutaka atakupigia mwenyewe." Ujumbe unaingia, orodha haitoki. Nimeitumia sentensi hiyo mara nne, na mara tatu mtu aliondoka akicheka. Mara ya nne hakucheka, lakini jezi alikwisha kuziacha.

Kwa watu wa serikali wenye haki ya kuuliza, jibu ni jingine: waje na barua yenye muhuri, ipokewe na watu wawili wa komite, iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kimeombwa nini na kimetolewa nini. Mtu mmoja asibaki peke yake na swali la namna hiyo. Kwa karatasi ya mahudhurio, omba akae mtu mmoja mlangoni na kuandika, wengine wapite. Wenye semina watanuna kidogo, halafu watakubali, kwa sababu bila majina hawana ripoti.

Mengi ya haya siku hizi yamehamia kwenye simu, na hapa Sandoa simu ina udhaifu ambao waandishi wa Ulaya hawaufikirii: inalala nje. Wengi wetu hatuna umeme nyumbani. Asubuhi simu inapelekwa kwenye kibanda cha kuchaji, inachomekwa kwenye waya pamoja na wenzake thelathini, na mwenye kibanda anaomba uiache wazi ili apokee mtu akipiga. Sekretere anayefanya hivyo ameacha kikundi kizima kwenye meza ya mtu. Izime kabisa kabla ya kuiacha, na iwe na namba ya siri, si ile ya 1234 wala mwaka wako wa kuzaliwa. Ukiweza, peleka betri ya akiba badala ya simu.

Kisha fungua WhatsApp, uingie penye orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Akaunti moja inaweza kufunguliwa kwenye vifaa vingine vinne. Mtu akiishika simu yako dakika moja tu anaweza kuiunganisha na kompyuta yake, na tangu hapo anasoma kila kitu bila wewe kusikia hata mlio. Ukiona kifaa usichokijua, kiondoe papo hapo. Pia washa ile namba ya siri ya tarakimu sita, ili mtu asiweze kuihamisha akaunti yako kwa kukudanganya umtumie msimbo uliokuja kwa ujumbe mfupi. Msimbo huo hauombwi na kampuni yoyote ya kweli, hata anayepiga akisema Kifaransa cha Kinshasa.

Kuhusu kundi lenyewe: kila aliyemo anaona namba za wote. Kwa wacheza dama ishirini wanaojuana, si neno. Kwa mashabiki mia mbili ambao nusu yao umewaingiza kwa kuwa waliomba, hilo ni soko la namba. Tumia orodha ya utangazaji badala yake: ujumbe unamfikia kila mmoja peke yake, wala hawaonani. Ina sharti moja, kwamba kila mpokeaji awe ameiweka namba yako kwenye simu yake. Asipoiweka, hapati kitu. Watu wakija kujiandikisha, waambie waihifadhi hapohapo mbele yako.

Na duka la kuchapa na fotokopi! Hapo ndipo orodha nyingi hulala milele. Ulimtumia kijana wa duka faili kwa WhatsApp, akachapa, ukalipa, ukaondoka. Faili imebaki kwenye simu yake na kwenye kompyuta yake, kati ya CV za watu na mialiko ya harusi. Simama mpaka aifute, pamoja na kwenye kapu la takataka la kompyuta, na karatasi iliyotoka vibaya uondoke nayo. Utaonekana msumbufu, vumilia.

Watu huniuliza kama kuna sheria. Ipo, na si ya leo tu. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake binafsi na siri ya mawasiliano yake. Code du numérique, sheria ya mambo ya kidijitali, ya tarehe 13 Machi 2023 ina sehemu nzima juu ya data za watu. Sheria ya tarehe 20 Julai 2001 ndiyo inayohusu vyama visivyotafuta faida. Ukitaka chama chako kitambuliwe na Wizara ya Sheria utatakiwa kutoa majina ya wanachama wake rasmi, lakini mtoto anayekuja Jumapili kutazama mchezo hahitaji kuwemo kwenye faili hiyo. Kwa sasa sheria hizi hazitembei sana hadi huku kwetu. Jirani zetu wameanza kuonja makali yake: Septemba 2023 ofisi ya kulinda data ya Kenya iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila ruhusa ya wazazi, na klabu moja ya starehe ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja aliyewekwa mtandaoni bila kuulizwa. Mteja mmoja, picha moja. Nikikumbuka picha ambazo sisi hubandika Facebook baada ya kila shindano, watoto mbele wameshika kombe, naona ni afadhali kuuliza kwanza.

Pamoja na hayo yote, siku moja jambo litavuja. Letu lilivuja, na kosa langu la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza: nilinyamaza siku tatu. Niliona haya. Katika siku hizo tatu tapeli alipiga nyumba nyingine mbili, na katika mojawapo alifanikiwa. Ukijua asubuhi, sema asubuhi. Usitegemee ujumbe wa maandishi. Wazee hawasomi, na mama za watu hawamo kwenye kundi. Nenda nyumba kwa nyumba, useme kwa Kiswahili, kwa Kilunda au kwa Kichokwe, kwa maneno mafupi: namba zenu zimetoka, kosa ni letu, mtu akipiga kudai pesa ya ajali kata simu, mpigie mwanao kwanza. Tuliwashauri pia kila familia ichague swali moja ambalo mgeni hawezi kulijibu, kama jina la mbwa aliyekufa zamani. Yule mama aliyetuma faranga 85,000 alinisikiliza hadi mwisho, akanipa kiti, halafu akaniuliza kama kikundi kitamrudishia pesa yake. Tulichanga. Ilituchukua miezi mitano, na nusu ilitoka mfukoni mwangu.

Yanabaki madaftari ya zamani. Kila sekretere anayeondoka huacha moja, na mengine huishia sokoni kufungia karanga, namba za watu zikiwa nje. Mtunza fedha wetu alitaka yote yachomwe. Nilisita, kwa sababu namkumbuka Yav André. Mwaka 1965 aliandika, kwa niaba ya chama cha waliokuwa maboyi wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, historia ya mji ule kwa Kiswahili cha mji ule, na leo wasomi duniani wanaisoma kwa sababu karatasi za watu wadogo hazikuchomwa. Kumbukumbu za vikao vyetu, nani alimshinda nani mwaka gani, ugomvi wa ubao uliopasuka, hizo wajukuu watazitaka. Namba za simu za mama zao hawatazitaka.

Kwa hiyo tulikaa Jumapili moja watu watatu, tukachana. Kurasa za mashindano na za vikao tukazishona upya kwa uzi wa kushonea magunia, tukaziweka kwenye bati lililokuwa la biskuti. Kurasa za majina, tarehe, asili na shida, jumla 41, tulizihesabu mbele ya prezida, tukaandika idadi hiyo kwenye kumbukumbu, tukasaini wote watatu, tukazitia jikoni chini ya sufuria ya maharage. Bati nililikabidhi kwa sekretere mpya pamoja na daftari jipya. Ana umri wa miaka ishirini na mbili, anaandika vizuri kuliko mimi. Alilifungua, akaona safu tatu, akaniuliza kama nimesahau kuchora nyingine.